Fremu mbili za marehemu baba Kigamboni: nipangishe au nifungue nyumba ya sanaa?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Kigamboni. Marehemu baba alituachia nyumba iliyo mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye pantoni, na mbele yake kuna fremu mbili zinazotazama barabara. Kaka yangu anataka tuzipangishe, moja kwa wakala wa pesa za simu, nyingine iwe duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nilisoma sanaa shuleni, sikuendelea, ila moyo wangu haujatoka huko. Natamani kufungua nyumba ya sanaa. Nyumbani wananiambia michoro ni mambo ya wazungu wa Masaki, huku ng'ambo hataingia mtu, na sanaa haijazi tumbo. Nimesoma kwamba kuna mji Hispania uliokuwa umekufa ukafufuliwa na jumba moja la sanaa. Je, Kigamboni, ambayo ni kama mji mdogo peke yake, inaweza kupata faida yoyote kwa kitu kama hicho? Au najidanganya?"*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kufiwa na mzee.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, kwa sababu umebeba maswali mawili yaliyofungwa fundo moja, na nadhani ndiyo maana wewe na kaka yako hamsikilizani. Swali la kwanza ni hili: nyumba ya sanaa inaweza kuwafanyia nini watu wa mahali kama Kigamboni? La pili: wewe na wanao mtakula nini? Wewe unajibu la kwanza, kaka anajibu la pili, kila mmoja anamwona mwenzake kiziwi. Mimi nitakuambia waziwazi tangu sasa. Kwa hilo la kwanza, inaweza kufanya mengi, na fremu yako ina kitu ambacho kumbi kubwa nyingi za Dar hazina. Kwa la pili, kaka yako yuko sahihi kuliko unavyopenda kusikia. Miaka ya mwanzo michoro haitawalisha.

Nianze na hilo la wazungu, maana naona ndilo linalokuuma.

Nyumbani hawakulitoa hewani. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao vya mraba vya kama sentimita 60 kwa 60. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores kule Oysterbay, na wanunuzi walikuwa zaidi wageni walioishi upande ule. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine. Leo ukitaka kumwonyesha mwanao picha iliyotoka kwenye mkono wa Tingatinga mwenyewe, si ya wanafunzi wake wala ya wanafunzi wa wanafunzi wake, utahangaika sana. Zilipanda ndege zamani. Jina limebaki kwetu na limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, ila picha zenyewe zilikwenda na wenye pesa.

Kwa hiyo ni kweli, mnunuzi alikuwa mgeni. Lakini kununua ni jambo moja na kuona ni jingine, na hapo ndipo ninapoachana na familia yako. Mswahili hajakosa jicho. Mwangalie mama anayechagua khanga Kariakoo: anasoma jina, anapima pindo, anatazama mji, kisha anaikataa kwa kitu kidogo ambacho hata muuzaji hakukiona. Msusi wa mikeka anautambua ukili uliokosewa akiwa bado mlangoni. Kinyozi anamlipa mchoraji amchoree vichwa vitatu ukutani, halafu wanabishana nusu saa juu ya sikio. Jicho lipo, tena kali. Kinachokosekana ni mahali pa wazi ambapo kazi inakaa siku za kutosha ili jicho hilo lipate kuifanyia kazi. Hapa Dar tumezoea kuuza kazi kabla hatujaiona. Inatoka kwa mchoraji rangi ikiwa bado inanuka, inaviringishwa, inaingia kwenye begi la mtu anayewahi ndege. Na ile inayobaki mjini mara nyingi inatundikwa nyuma ya geti.

Sasa huo mji wa Hispania. Unaitwa Bilbao, na jumba lenyewe ni Guggenheim, lililofunguliwa mwaka 1997 kwa ramani ya msanifu majengo Frank Gehry. Ni kweli kwamba liliufanya ulimwengu uutazame mji ambao viwanda vyake vya chuma na meli vilikuwa vimedorora. Ila habari hii husimuliwa nusu. Serikali ya jimbo la Wabaski ndiyo iliyolipa gharama za ujenzi, zilizofika kama dola milioni 100. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa imeshafunguliwa mwaka 1995. Mto uliopita katikati ya mji ulikuwa ukisafishwa kwa miaka mingi. Jumba lilikuja juu ya kazi nyingine nyingi zilizotangulia. Ukisema "jumba liliufufua mji" unafanana na mtu anayesema paa ndilo lililosimamisha nyumba. Tafadhali usimpelekee kaka yako mfano huo, atakushinda nao asubuhi mapema.

Mfano wako uko karibu zaidi. Kule Nigeria, katika nchi ya Wayoruba, kuna mji uitwao Osogbo. Mwaka 1962 msanii wa maigizo Duro Ladipo, akisaidiana na msomi Mjerumani Ulli Beier, aligeuza baa yake kuwa nyumba ya sanaa. Hawakujenga ghorofa wala hawakungoja bajeti ya jimbo. Waliiita Mbari Mbayo, jina ambalo kwa masikio ya Wayoruba linasema "nikiona, nitafurahi". Watu wa sokoni walipita, wakachungulia, wakaingia. Zikafanyika warsha fupi za uchoraji, za vijana ambao wengi wao hawakuwa na shule ya sanaa hata siku moja. Mmoja alifika pale akiwa mcheza ngoma wa muuza dawa wa mtaani. Huyo ndiye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Twins Seven-Seven. Pamoja naye walitoka Jimoh Buraimoh, Muraina Oyelami na wengine, na hadi leo ukitaja Osogbo mbele ya mtu wa sanaa anajua unazungumzia nini. Yote hayo yalianzia kwenye baa iliyotazama barabara.

Nasi tuliwahi kuwa na yetu. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa hapa Dar mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na Mwalimu Nyerere aliiunga mkono. George Lilanga, Mmakonde aliyetoka kusini, aliingia pale kama mlinzi wa usiku kwa msaada wa mjomba wake, Augustino Malaba, aliyekuwa akichonga humo. Fikiria mlinzi anayelinda kazi za wenzake usiku kucha. Anaziona zote, anazizoea, na asubuhi anaanza kuonyesha za kwake. Kufika mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Washington. Mtu kama yule angeweza kulinda ghala la saruji maisha yake yote, na mashetani aliokuja kuwachora, wenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo wangebaki kichwani mwake. Leo Nyumba ya Sanaa haipo tena, na nakuambia kwa uchungu kwamba vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii hawajui hata iliposimama.

Sasa nikueleze nyumba ya sanaa inafanyaje kazi kwa ndani, maana watu wengi huiona kama duka lenye kuta nyeupe.

Kitu cha kwanza inachotoa ni muda. Mchoraji anayeuza barabarani anapanga bei kwa njaa ya saa hiyo. Saa nne asubuhi picha ni laki moja na nusu. Saa kumi na mbili jioni, nauli hana na mtoto anasubiri, picha ileile ni elfu thelathini. Mnunuzi mzoefu anajua hilo, anapita jioni. Ukiitundika picha hiyo wiki nne mahali penye paa, bei imeandikwa pembeni yake, ile njaa ya jioni inaondolewa kwenye mazungumzo. Mchoraji naye anapata nafasi ya kuitazama kazi yake ikiwa mbali na mkono wake, pembeni ya kazi za wenzake. Wengi hawajawahi kupata nafasi hiyo. Nimewaona wachoraji wakisimama mbele ya picha zao siku ya tatu ya maonyesho, wakanyamaza, kisha wakaniomba waondoke nazo kidogo wakarekebishe.

Kitu cha pili ni mazungumzo, na hapa nakusimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Tulikuwa na maonyesho madogo katika chumba kilichotazama barabara, jirani na soko la samaki. Jumamosi moja akaingia mzee wa makamo, ndoo ya pweza mkononi, akaomba kuiweka chini mlangoni. Akazunguka taratibu. Akasimama mbele ya picha kubwa ya ngalawa, iliyokuwa ghali kuliko zote na ambayo sisi wenyewe tuliiona nzuri mno. Alikaa pale kama dakika tano. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Samahani, hii ni kaskazi au kusi?" Mchoraji alikuwepo, hakumwelewa. Yule mzee akaonyesha kwa kidole, bila kuigusa turubai: bendera iliyo kwenye kibanda cha pwani inapepea kuelekea baharini, tanga la ngalawa limejaa kuelekea nchi kavu. "Upepo hauwezi kwenda na kurudi kwa wakati mmoja," akasema. "Na huyu kijana aliyeshika demani, kamba ya tanga, kwa upepo huu angeshapinduka."

Chumba kizima kilinyamaza. Ile picha ilikuwa imepita mikononi mwa watu sita wanaojiita wajuzi, nami nikiwa mmoja wao. Mchoraji akavuta kiti, wakaketi wawili hao, wakazungumza juu ya matanga mpaka pweza akaanza kudai barafu. Picha alizochora baada ya hapo zina upepo unaojulikana unakotoka. Yule mzee hakununua kitu, hakuwa na pesa hiyo, lakini hakuna mnunuzi aliyewahi kumpa mchoraji yule kitu kikubwa kama kile. Mchoraji akijua kwamba atatazamwa na watu wanaoijua ngalawa, anaichora vingine.

Mzee yule aliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi barabarani. Angekuta geti, askari na daftari la kusaini jina, asingeingia na ndoo yake. Angedhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba pale si pake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maonyesho ya mji huu imefanyika kwenye vituo vya utamaduni vya nchi za nje na kwenye hoteli. Nawashukuru kwa dhati, bila wao tungekuwa na kiu zaidi, lakini mlango wao si mlango wa mpita njia. Fremu yako haina geti. Asubuhi na jioni watu wanapita mbele yake kuwahi pantoni au kutoka pantoni, na wengi wao wanajua bahari, mbao, samaki, nguo na jua kuliko yeyote aliyesomea sanaa. Hicho ndicho kitu nilichokuambia mwanzoni kwamba unacho na wengine hawana. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuingia na ndoo yake akaitazama picha ni pachache mno.

Kitu cha tatu ni kumbukumbu, na hiki watu hukidharau mpaka wakihitaji. Nunua kaunta buku moja imara. Kila kazi inayoingia iandike: jina la msanii, jina la kazi, imetengenezwa kwa nini juu ya nini, urefu na upana kwa sentimita, mwaka, bei, na ikiuzwa, imekwenda kwa nani. Ipige picha kwa simu mbele na nyuma. Kama mtu mmoja pale Morogoro Stores angefanya hivyo kati ya 1968 na 1972, leo tusingekuwa na ubishi wa picha ipi ni ya Tingatinga mwenyewe na ipi ilisainiwa jina lake baada ya yeye kufa. Daftari hilo ni kazi ya dakika kumi kwa siku. Baada ya miaka ishirini, huenda likawa na thamani kuliko chochote ulichokuwa nacho ukutani.

Na shule. Ongea na walimu wakuu wa shule za msingi zilizo jirani, waje darasa moja moja, si shule nzima kwa pamoja. Usiwape hotuba. Wape swali moja: katika chumba hiki, ni picha gani ina kelele kuliko zote? Halafu kaa kimya uwasikilize. Na maelezo ya kila picha yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, herufi kubwa za kusomeka, bei ikionekana. Bei ikifichwa, mtu anadhani anatukanwa.

Tuje kwenye tumbo.

Mna njia kadhaa. Mkizipangisha fremu zote mbili, mtapata kodi ya uhakika, mkikusanya ya miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya mji huu. Ni njia ya heshima na hakuna atakayewalaumu. Mkifungua duka la vinyago la watalii, nawasihi msifanye hivyo. Mwenge wamekaa kwenye kazi hiyo miaka mingi, wana wachongaji palepale, na mtalii anapelekwa huko na dereva wake. Ninyi mtabaki na vinyago vya mti laini uliopakwa kiwi ufanane na mpingo, kwa sababu mpingo wenyewe mtaji wenu hautaufikia.

Ukizifanya zote mbili kuwa nyumba ya sanaa, hesabu itakukataa. Tuseme umeuza picha tatu kwa mwezi, kila moja kwa 150,000, nawe unachukua asilimia 30. Mkononi mwako inabaki 135,000. Ondoa umeme wa LUKU, rangi ya ukuta, misumari, maji ya wageni, na mtu wa kukaa pale siku usipokuwepo. Na kuuza tatu kila mwezi, mahali papya, si jambo la kutegemea. Kutakuwa na miezi ya kuuza sifuri.

Ninachokushauri mimi ni hiki: mpe kaka yako fremu moja. Iwe ya wakala wa pesa, si ya vifaa vya ujenzi, kwa sababu vumbi la saruji litaingia kila mahali, na wakala analeta watu wanaosubiri foleni. Mtu anayesubiri foleni anachungulia mlango wa pili. Kodi ya fremu hiyo iilipie umeme ile nyingine, na inayobaki muigawane kifamilia. Fremu yako ifunguliwe siku nne kwa wiki, Alhamisi hadi Jumapili, na siku nyingine ubaki na shughuli yako inayokuingizia sasa. Mpatane muda, tuseme miaka miwili, na muuandike. Baada ya hapo mkae chini na daftari mezani, si na maneno ya hasira.

Kwa wasanii, fanya mali kauli, lakini mali kauli ya maandishi. Usinunue kazi kwa mtaji wako. Msanii analeta, mnakubaliana bei na asilimia yako, mnaandika nakala mbili, kila mmoja anabaki na yake. Ikiuzwa, mlipe ndani ya wiki mbili bila yeye kukupigia. Nalisisitiza hili kwa sababu wasanii wengi wa mji huu wameachwa na makovu. Wamepeleka kazi mahali, zikauzwa, wakazungushwa "njoo kesho" mpaka wakachoka, au wakarudi wakakuta zimepotea. Ukilipa kwa wakati mara mbili tu, habari itafika Mwenge na Mbagala kabla hujalala. Na mweleze kila mnunuzi kwamba anayenunua picha ananunua picha. Haki ya kuichapisha kwenye fulana au kalenda inabaki kwa msanii mpaka mwenyewe aitoe kwa maandishi. Ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watakueleza zaidi ukiwaendea.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo siwezi kulipita haraka, kwa sababu uko karibu na bahari. Adui wako si mwizi, ni unyevu. Miaka mingi iliyopita niliwahi kutundika michoro ya karatasi kumi na miwili kwenye ukuta wa nje wa jengo lililokuwa jirani na maji. Ilikuwa Machi, ukuta ulionekana mkavu. Masika yakaingia. Mwezi wa tano nilipoishusha, nyuma ya kila karatasi kulikuwa na ukungu wa madoa ya kahawia, na minne haikupona. Msanii hakunisema neno. Aliibeba akaenda nayo, na mpaka leo nikimkumbuka nainamisha kichwa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuelewa ukuta unavyofanya kazi. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua unakunywa maji, kisha unayatoa polepole upande wa ndani. Picha iliyobanwa juu yake inayazuia yasitoke, na pale nyuma, pasipo hewa wala mwanga, ukungu unapata nyumba.

Dawa yake ni rahisi. Chukua kandambili kuukuu, kata vipande vidogo vinne vya mraba, vigundishe kwenye pembe za nyuma za kila picha. Picha inasimama mbali na ukuta kwa upana wa kidole, hewa inapita. Kazi za karatasi ziweke kwenye ukuta wa kati unaotenganisha fremu mbili, kamwe zisiwe upande wa nje. Vibao vikae mbali na sakafu, maana vikinywa maji vinavimba kuanzia kwenye kingo na havirudi tena, na mchwa huanzia chini. Jua la mchana lisizifikie picha moja kwa moja. Weka pazia jepesi mlangoni saa za jua kali. Mistari ya katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka chini, ili mtu mzima azitazame bila kuinua shingo. Kumi na mbili kwa chumba kama chako zinatosha. Zikizidi, linakuwa duka.

Sasa mambo ambayo hayamalizwi kwa barua, unayotakiwa kuyafuata kwa miguu yako.

La kwanza kabisa, kabla ya kununua hata debe moja la rangi, ni mirathi. Hujaniambia kama msimamizi wa mirathi ameteuliwa. Kama bado, nyumba hiyo bado ni ya marehemu, si yako wala ya kaka yako, na makubaliano yoyote mtakayofanya juu ya fremu yanaweza kuvunjwa na mrithi mwingine atakayejitokeza. Kaeni kikao cha ukoo, nendeni Mahakama ya Mwanzo, na kama kuna mgogoro wowote wa warithi, tafuteni wakili kabla haujawa moto. Hilo si eneo langu, na usimwamini mtu yeyote anayekushauri mirathi kwa simu, hata kama ni mimi.

La pili, mwone afisa utamaduni wa Manispaa ya Kigamboni. Watu huwasahau hawa, lakini wapo na kazi yao ni hii. Atakuelekeza kuhusu BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na usajili wao, na ofisi ya biashara palepale manispaa itakuambia kuhusu leseni. TRA ni lazima.

La tatu, kabla hujaamua lolote, tumia wiki moja kuzunguka. Nenda Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, ambao wapo tangu 2008 na studio zao ziko ndani ya makontena. Ukae nusu siku, ongea na wasanii wenyewe. Nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Nenda Morogoro Stores kwa watu wa Tingatinga, ukawatazame wanavyoketi chini na vikopo vyao vya rangi, na uwaulize wanalipwaje. Usiende kama mnunuzi. Nenda na daftari.

Na muite fundi aliyezoea nyumba za pwani auangalie ukuta wako wa nje, hasa kama rangi imeanza kubanduka kwa chini au kuna unga mweupe unaotoka ukigusa. Hiyo ni chumvi, na kuipaka rangi juu hakuitibu.

Ukishapata karatasi ya mahakama, niandikie tena na unitumie picha ya ukuta huo, iliyopigwa asubuhi baada ya usiku wa mvua. Nitavuka na pantoni nije niuguse mwenyewe.